Mahindi ya Askari wa Roma

Asubuhi, ndani ya basi la Kimulot, Cheptoo aliitambua sauti ya mzee wa kiti cha mbele: mwalimu wake wa historia, darasa la saba. "Jana wamerudia ile sinema, askari wa Roma wanachoma mahindi," mzee alimwambia jirani yake. "Waongo! Mahindi yalitoka Amerika, Roma ishaanguka zamani." "Si ni televisheni tu, mwalimu." "Tu? Nami niliufundisha uongo huo huo! Msichana mmoja akanikosoa, nikamchapa mbele ya wenzake. Hakurudi shule tena." "Aliitwa nani?" "Jina limenitoka. Alivyonikosoa ndivyo ambavyo sijasahau." Basi likasimama penye shamba la majani chai. Cheptoo akainua kikapu chake. "Pita, mama," mzee akampisha. "Asante, mwalimu," akasema, akashuka kwenda kuchuma chai ya watu.