Farasi wa Baba Yake Fransisko

Hope alipanda bajaji ya Kijenge akakuta mjadala umeshakolea. Kulia kwake alikaa Skolastika, mama mwenye duka la vitenge, kapakata majora mawili ya sare ya jumuiya yao ya Kikatoliki. Kushoto, mzee Lemomo wa Terrat, mfugaji na Mlutheri.

"Mtakatifu Fransisko, somo wa jumuiya yetu, baba yake alikuwa anauza vitambaa kama mimi," Skolastika alikuwa anaeleza. "Kijana akachukua vitambaa vya babake, akauza pamoja na farasi, ili akarabati kanisa. Baba akamshtaki kwa askofu. Fransisko akavua hata nguo zake, akamrudishia, akaenda kuishi kwa umaskini na sala."

Mzee akamgeukia wakipita kipilefti. "Farasi aliuza bila ruhusa?"

"Kwa ajili ya kanisa, mzee wangu."

"Kwetu hata ng'ombe wa mnada wa kanisa anatolewa na mwenye boma. Mimi niko na huyo baba," akasema, kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa farasi huyohuyo. Hope akajifanya anakohoa.

"Hujaelewa utakatifu, mzee. Mimi mwanangu wa kwanza nimemwita Fransisko, afuate nyayo zake."

"Vizuri. Na sasa yuko wapi?"

"Dukani, ananishikia."

Bajaji ikasimama Kijenge, na Skolastika hajamaliza kushuka, simu tayari ilikuwa sikioni.

"Fransisko, baba, uko peke yako hapo? Hebu funga duka, unisubiri nje."