Sekunde Kumi na Tisa Sakafuni: Risala ya Wanajudo wa Ghorofa ya Pili

Mgeni rasmi, Mkurugenzi Mkuu wa ofisi yetu ya bima. Wakuu wa idara. Mwalimu wetu mpendwa. Wageni waalikwa, na ninyi wa kitengo cha madai mliokuja kwa ajili ya soda:

Sisi wanachama ishirini na wawili wa Klabu ya Judo ya Ghorofa ya Pili tuna furaha kubwa, pamoja na woga kidogo, kukukaribisha, Mgeni rasmi, kwenye sherehe ya klabu yetu kutimiza miaka mitatu. Mwaliko ulikufikia Jumanne ya wiki iliyopita. Tukio ambalo kila aliyemo humu ukumbini analifikiria lilitokea Alhamisi. Kusema kweli tulishakata tamaa, na asubuhi hii tulikuwa tumeanza kurudisha viti vya watu. Lakini umekuja, na umekaa mbele kabisa, ingawa tunaona kiti chako umekisogeza mbali kidogo na mkeka. Tunakushukuru, na kwa hilo la kiti tunakuelewa.

HISTORIA YA KLABU

Klabu hii ilianzishwa na Afisa Utumishi wetu, yule mama wa miwani wa chumba cha mwisho karibu na lifti. Wafanyakazi humwita Dada Barua, kwa kuwa barua zote za onyo na za kuachishwa kazi huandikwa naye. Kazi hiyo haina marafiki. Alikuwa akiingia chumba cha chai, watu wanakumbuka ghafla kwamba wana shughuli mezani.

Siku moja lifti ilimkwamia kati ya ghorofa ya pili na ya tatu kwa saa mbili. Fundi wa lifti akawa anamliwaza kupitia upenyo wa mlango, na katika kutafuta la kusema akamwambia kwamba jioni hufundisha judo.

"Judo ndiyo nini?"

"Mchezo wa kubwagana, dada. Lakini miezi miwili ya kwanza unajifunza kuanguka tu."

Mwalimu wetu, maana fundi huyo ndiye mwalimu wetu, anasema aliona miwani ikisogea kwenye upenyo. Kisha sauti ikasema, "Basi nifundishe kuanguka. Kusimama peke yangu nimechoka."

Wakaanza wawili, jioni baada ya kazi, kwenye chumba cha mafaili ya zamani. Mwezi uliofuata aliongezeka mhasibu msaidizi, ambaye ndiye anayewasomea risala hii, kisha mwanasheria, kisha dada wa mapokezi.

Kwa wasioujua mchezo, judo haina ngumi wala mateke. Unamshika mwenzako koti, unamyumbisha, unambwaga, unamkandamiza chini. Aliye chini akitaka kuachiwa hugonga mara mbili, kwenye mkeka au mwilini mwa mwenzake, naye huachiwa papo hapo. Kupiga kelele hakuhesabiki, kwa sababu mazoezini sisi sote tunapiga kelele. Tafadhali lishikeni hilo la kugonga.

MAFANIKIO

Tangu klabu ianze, wanachama watatu wamejikwaa kwenye ngazi za jengo hili na hakuna aliyeumia. Mmoja alibiringika ngazi nane akiwa na chai, akasimama, akaomba radhi kwa kumwaga chai. Mwanasheria wetu, ambaye zamani alikuwa akifoka vikaoni mpaka glasi zinatikisika, siku hizi huinama kidogo kumsalimu anayebishana naye, na wengi hukubaliana naye upesi kwa sababu hawajui kinachofuata.

Na Dada Barua amepata marafiki ishirini na mmoja. Hilo ndilo tunalojivunia zaidi.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni alama za mwilini. Mke wa mhasibu msaidizi aliona mkwaruzo shingoni mwa mumewe, akaambiwa ni wa mwanasheria. Alipogundua kwamba mwanasheria ni mwanamke, alikuja ofisini saa tatu asubuhi kutaka maelezo. Tulimwonyesha mkeka. Akauliza kwa nini watu wazima wenye shahada wanagaragazana sakafuni, na jibu la kumridhisha hatujalipata hadi leo. Kwa sasa shemeji yetu naye anacheza, na yuko mkanda wa njano.

Dada wa mapokezi naye alikuja kazini na jicho lililovimba baada ya kugongana na kiwiko. Mteja mmoja, mama mtu mzima, alimshika mkono juu ya kaunta.

"Mwanangu, ondoka kwa huyo mwanamume."

"Siyo mume wangu, mama. Ni mhasibu."

Mama alilia zaidi.

Tulikusudia kuorodhesha changamoto saba, pamoja na balbu za chumba cha mafaili. Tumeona tuziache, maana iliyobaki ni moja na inatunyima usingizi.

TUKIO LA ALHAMISI

Mgeni rasmi, tukio hili unalijua kutoka chini. Tunaomba tukueleze lilivyoonekana kutoka juu.

Saa nne asubuhi sakafu ya koridoni ilikuwa imetoka kupigwa deki. Dada Barua alikuwa amesimama mbele ya lifti na faili mkononi. Wewe ulikuwa unakuja nyuma yake na wajumbe wawili wa bodi, ukiwaonyesha ofisi, ukateleza. Kwa kujiokoa ukamdaka: mkono mmoja ukosi wa koti, mwingine mkono wa nguo. Ulimshika mshiko sahihi kabisa, bila kujua. Mwalimu amesema humu klabuni kuna watu wana miaka miwili na mshiko huo hawajaupata.

Mwili wa Dada Barua haukuuliza ni nani. Ulifanya ulichofundishwa. Wewe ukapita juu ya nyonga yake, ukashuka chali, naye akakukandamiza kifuani kama ilivyo kwenye vitabu. Wajumbe wa bodi walidhani ni maonyesho waliyoandaliwa, wakapiga makofi.

Hapo ndipo lilipofanyika kosa ambalo ofisi nyingine yoyote isingeweza kulifanya. Ulisema, "Niachie!" Ukasema, "Mama, niachie, ni mimi!" Naye, macho ameyafumba, akasubiri ugonge. Ulizidi kupiga kelele, akazidi kusubiri. Sisi tuliotoka vyumbani tukawa tunaita:

"Gonga, Mheshimiwa! Gonga mara mbili!"

"Nigonge mlango gani?"

"Gonga popote!"

Sekunde kumi na tisa. Ukagonga. Akakuachia papo hapo, akasimama, akakuinamia kwa heshima, akafumbua macho. Tulimwona uso alipokutambua, na hatutaki kuuona tena uso ule kwa mtu tunayempenda.

BARUA

Kanuni zetu zinasema mfanyakazi akituhumiwa, Afisa Utumishi ndiye huandika hati ya mashtaka. Afisa Utumishi tunaye mmoja. Adhuhuri hiyohiyo alikaa akajiandikia barua yenye anwani ya jina lake. Alijishtaki kwa kumbwaga mkuu wa taasisi wakati wa saa za kazi. Alijipa siku kumi na nne za kujieleza, akajieleza kwa dakika ishirini, kisha akajijibu kwamba maelezo hayaridhishi. Akajisimamisha kazi, akajipelekea barua mwenyewe mapokezi, akasaini kitabu cha kupokelea.

Mwanasheria wetu alimsihi aongeze japo maneno "bila kukusudia."

"Siongezi," alisema. "Watu wameniletea maneno hayohayo miaka kumi na moja, nikawaandikia waondoke. Leo nijihurumie mimi?"

Kamati inakaa Jumatatu saa nne. Barua ya mwisho, ya kumwachisha kazi, iko mezani kwako. Ameiandaa yeye, haina kosa hata la nukta, na imebaki sahihi yako.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi ya mikeka mipya, dirisha na ufunguo wa pili. Tunayafuta yote matatu. Ukitaka kukifunga chumba cha mafaili, kifunge; tutafanyia mazoezi kwenye maegesho ya magari.

Hatuwezi kusema hakukubwaga. Alikubwaga, na wajumbe wa bodi walipiga makofi. Hatusemi kanuni zipindwe, kwa kuwa yeye mwenyewe atakuwa wa kwanza kutuandikia barua. Tunasema tu kwamba huyu mtu tunamhitaji. Ghorofa nzima inamhitaji, hata wale aliowahi kuwaonya, ambao wanne wao wamekaa mstari wa tatu na wamevaa makoti ya judo.

Lipo jambo moja ambalo halimo kwenye barua yoyote. Ametukataza tusilitaje, na mwalimu alilifunika mpaka jana jioni likamshinda. Kwenye fomu ya ajali, mahali pa majeruhi, Dada Barua ameandika "hakuna." Kwa upande wako ni kweli: daktari alikupima akakuta huna hata nundu, ukatania kwamba kichwa chako ni kigumu. Mgeni rasmi, pale ulipoangukia pana kizingiti cha chuma cha lifti. Wakati unashuka, aliuingiza mkono wake wa kushoto kati ya kisogo chako na chuma kile. Mifupa miwili ya kiganja imevunjika. Mwalimu ndiye aliyempeleka hospitali. Sekunde zote kumi na tisa kichwa chako kilikuwa kimelala juu ya mkono huo, na yeye alikuwa anasubiri ugonge.

Basi ombi letu limebaki moja. Jumatatu, kabla hujashika kalamu, mwite aingie, umwambie aweke mkono wa kushoto mezani.

Mungu akupe afya na hekima, akulinde ukiwa umesimama na ukiwa umeteleza, wewe na wote wa nyumbani kwako.

Ni sisi wako watiifu,
Wanachama wa Klabu ya Judo ya Ghorofa ya Pili