Kabeji za Mama Yun

Umutoni: Haloo? Ni nani? Byamungu? Namba hii siijue, lakini ulisema utapiga na simu ya mutu. Sikia, niko mu njia, nimeshapita Cincinnati. Ukienda kumuvalisha Nshuti, chukua ile costume ya bleu yenye alivaa ku harusi yangu, iko mu placard, mule anatundika nguo. Na mutu asiweke kitu ku Facebook, tafazali. Mama bado ha—

Mukansanga: Haloo! Haloo! [upepo, plastiki inapigapiga] Ni nani huyo? Sikusikie! Haloo? Umutoni?

Umutoni: ...Mama?

Mukansanga: Njo mimi. Unaongea peke yako sawa redio. Mimi huku nasikia krrr, krrr. Kidogo tu nimesikia Byamungu.

Umutoni: Hukusikia kitu ingine?

Mukansanga: Nisikie nini? Niko mu ile nyumba ya plastiki ya Mama Yun, imepasuka upande, upepo ikiingia ni ngoma. Ngoja nitoke. [hatua, mlango unasukumwa] Bon. Sasa. Umeamkaje?

Umutoni: Muzuri. Mama, hiyo ni simu ya nani?

Mukansanga: Ya Mama Yun mwenyewe, mwenye shamba. Yangu Dative wa kanisa alinipokonya asubuhi. Ati iko na virusi, anaenda kuitengenezesha. Jana ilikuwa muzima. Simu inalala muzima inaamka mugonjwa?

Umutoni: Inaweza, mama. Hizi simu...

Mukansanga: Eh. Na Byamungu anakupigia juu ya nini? Si yeye anakaa na Nshuti, ndugu yako?

Umutoni: Ni mambo ya kule Buffalo. Ya nyumba. Hakuna shida.

Mukansanga: Mu kichwa yangu niko na namba mbili tu, yako na ya Nshuti. Nilianza na ya Nshuti. Haichukue.

Umutoni: Atakuwa... anafanya ya usiku. Amelala.

Mukansanga: Amelala. Na wewe nasikia malori. Leo wale wazee wako nani anawaosha?

Umutoni: Nimepewa congé, siku ya kupumuzika. Nakuja kukuona.

Mukansanga: Kuniona. Siku ya Jumanne, kutoka Columbus.

Umutoni: Mutu hawezi kumukumbuka mama yake?

Mukansanga: Anaweza. Karibu.

Umutoni: Mama, leo munafanya nini huko shambani?

Mukansanga: Ah! Leo unaniuliza shamba? Huu ni mwaka wa pili nakuja huku, hujaniuliza siku moja. Ulisema nini? "Mama, umetoka kambini, umevuka bahari, unaenda kumulimia Mukorea bure."

Umutoni: Nilikuwa nachekesha.

Mukansanga: Hukuchekesha, ulikasirika. Mwenye alicheka ni Nshuti. Si ni yeye alinitafutia huku, akiwa kulekule Buffalo, mu simu yake? Alisema, mama, ukiendelea kukaa mu hiyo nyumba ya Jeffersontown unaangalia parking, utaoza. Enda uguse udongo. Hawalipe, lakini udongo ni udongo.

Umutoni: Alisema vile?

Mukansanga: Vile vile. [mtandao unakwaruza] ...panda kabeji.

Umutoni: Unasema?

Mukansanga: Nasema tunapanda kabeji! Ile ya Kikorea, ndefu ndefu. Wanaikata, wanaitia chumvi na pilipili, wanaifungia mu chupa mpaka inachacha, kisha wanaisifu. Sasa lazima iingie mu udongo leo, kesho ni mvua. Ukichelewa, baridi inaikuta haijafunga kichwa.

Umutoni: Na uko na nani hapo?

Mukansanga: Mimi na Mama Yun. Mwenzetu Bamurange haji tena.

Umutoni: Juu ya nini?

Mukansanga: Umesahau? Ndugu yake walimuzika kule kambini, Bamurange yuko mu kilio. Na mutu wa kilio hagusi jembe. Hatii hata mbegu moja mu udongo mpaka wazee waje wamutoe ku kilio, wamurudishie jembe mu mukono. Pasta Nyarugabo anasema hiyo ni mambo ya zamani. Lakini mama yake mwenyewe alipokufa, nyanya zake zilikauka ku balcon, hakuzigusa! [anacheka kidogo] Maskini Mama Yun hakuelewa. Alizani Bamurange amekasirika. Kingereza yangu unaijua. Nikamufanyia na mikono: mutu amelala, udongo juu, jembe chini. Akasema "aah". Akaelewa. Naye bwana yake alimuzika.

Umutoni: [honi ya lori]

Mukansanga: Umutoni? Imekata?

Umutoni: Niko.

Mukansanga: Unalia?

Umutoni: Ni mafua.

Mukansanga: Mafua mu mwezi wa munane.

Umutoni: Ni hii baridi ya mu gari, mama. Wewe... umekula?

Mukansanga: Baba yenu alipouawa kule milimani, shangazi yako Teopista aliniletea maziwa. Akasema, umekula? Kunywa kwanza. Nikakunywa kikombe yote, akaniangalia mpaka chini. Halafu njo akaniambia. Tangu siku ile, mutu akiniuliza kama nimekula, najiuliza analeta nini.

Umutoni: Nauliza tu, mama.

Mukansanga: Lakini Teopista alifanya muzuri. Alikuja na miguu yake. Ya Shami, kaka yenu, unakumbuka? Mutu alipiga simu kambini, akaisema tu sawa vile mutu anasema bei ya chumvi. Nikaanguka pembeni ya moto.

Umutoni: Nakumbuka. Nilikuwepo.

Mukansanga: Wazee wakasema, kwa Mukansanga habari haipitie tena mu simu. Mutu aje. Nimekula, ndiyo. Mama Yun alinifungia wali mu ile majani ya harufu, anayaita kenipu. Nshuti alipokuja aliyatafuna, akatema, akasema hii ni dawa ya ng'ombe! Halafu akarudilia. Akamaliza sahani.

Umutoni: Mama, kaa chini kidogo.

Mukansanga: Nikae na kazi iko?

Umutoni: [upande wa mama, jembe linagonga jiwe] Hiyo ni nini? Unapanda sasa hivi?

Mukansanga: Napanda. Nimerudi ku mustari. Simu nimeibana na bega.

Umutoni: Acha kwanza, mama. Pumuzika.

Mukansanga: Nimebakiza mustari moja. Wewe ongea tu. Niongelee Nshuti.

Umutoni: Niseme nini?

Mukansanga: Kitu yoyote. Munapigiana kila siku. Mimi ananiambia tu, niko muzuri mama, niko muzuri mama.

Umutoni: Alikuwa... ana kazi mingi. Anatoka ku depot, hapumuzike, anaingia mu gari kupelekea watu vyakula mpaka jua inatoka. Nilimuambia! Nilimuambia, Nshuti, mutu si moteur, siku moja utasinzia ku volant, gari ikitembea, nani atatu— [anakatiza]

Mukansanga: Endelea.

Umutoni: Hapana, ni vile tu nilimuambia.

Mukansanga: Na yeye akasema nini?

Umutoni: Akasema nisimukaripie sawa mama. Akasema ikifika mwezi wa kumi na moja atachukua congé, anakuja Louisville kukusaidia kuvuna.

Mukansanga: Kuvuna kabeji hizi?

Umutoni: Hizo.

Mukansanga: [jembe tena, polepole]

Umutoni: Mama, unanisikia?

Mukansanga: Nasikia. Udongo ya hapa ni muzuri, Umutoni. Nyeusi. Inafanana na ya kwetu. [mtandao unakwaruza] ...gari inaingia.

Umutoni: Gari gani?

Mukansanga: Ku barrière kule, mulango ya shamba. Ni ya Pasta Nyarugabo.

Umutoni: Hapana! Tayari? Nilimuambia anisubiri ku kanisa mpaka—

Mukansanga: Akusubiri ya nini? Nyuma yake iko ya Dative. Na ile kubwa ya kanisa. Wamama wamejaa ndani, wamejifunga vitenge ku kichwa. Jumanne mchana, watu wote wa kiwanda, watu wa zamu... leo hakuna mwenye amefanya kazi Louisville?

Umutoni: Mama, usiende kule. Nakuomba. Kaa na Mama Yun. Mimi nafika, nimebakiza kidogo.

Mukansanga: Hawashuke. Wanakaa tu, wananiangalia kupitia vitre za gari. Dative amefunika uso.

Umutoni: Mungu wangu. Mama, tafazali, nisubiri mimi.

Mukansanga: Nakusubiri. Wao wanakusubiri, na mimi nakusubiri. Lakini nataka nikuulize kitu moja, ya shamba.

Umutoni: Uliza.

Mukansanga: Nimebakiza miche kidogo. Inajaa mu viganja viwili tu. Nipande ao niache?

Umutoni: Mama...

Mukansanga: Nipande ao niache?

Umutoni: Usinifanyie hivi. Wewe mwenyewe umesema haipitie mu simu. Ngoja nifike, nikukamate mikono—

Mukansanga: Mimi sikukuuliza habari. Nakuuliza kabeji.

Umutoni: Siwezi, mama. Siwezi kuwa mimi. Ya Shami mutu alisema ku simu na ukaanguka, sasa niwe mimi mutu wa pili?

Mukansanga: Hapa hakuna moto. Na bora wewe, kuliko nisome ku uso wa Pasta. Mama Yun amesimama na ndoo ya maji, anangoja. Sema.

Umutoni: [kwikwi]

Mukansanga: Sema, mwanangu.

Umutoni: ...Acha, mama.

Mukansanga: [Upepo. Plastiki inapigapiga.]

Umutoni: Mama? Mama we! Niitikie!

Mukansanga: Nimeacha.

Umutoni: Uko chini? Umeanguka?

Mukansanga: Nimepiga magoti. Jembe nimelilaza. Usilie ukiendesha, simamisha hiyo gari.

Umutoni: Nimesimama zamani. Niko pembeni ya njia, malori zinanitingisha. Mama, nisamehe. Nisamehe. Ilikuwa jana asubuhi, alikuwa anarudi—

Mukansanga: Hapana. Hiyo utaniambia ukifika. Leo umeshasema ya kutosha.

Umutoni: Ndiyo, mama.

Mukansanga: Inaniuma, Umutoni. Inaniuma hapa alitokea, mu tumbo, sawa siku nilimuzaa. Nilijiambia, nikipanda polepole mustari haitaisha, na mustari isipoisha, mimi bado ni mama ya Nshuti. Yebabawe! Mutoto alikimbia risasi na miguu yake midogo, akuje kuuawa na usingizi!

Umutoni: Mama... usingizi? Nani alikuambia usingizi?

Mukansanga: Ni wewe. Mutu si moteur.

Umutoni: [analia waziwazi]

Mukansanga: Lia. Lia, mama, lakini gari isitembee. [sauti ya mwanamke mwingine, maneno ya Kikorea, karibu] Mama Yun ameona jembe. Ananiangalia. Sasa naye analaza yake. Ile miche anairudisha mu kivuli.

Umutoni: Mupe simu, nimuelezee na Kingereza.

Mukansanga: Kingereza ya nini? Amekaa chini na mimi mu udongo. Amekamata mukono yangu.

Umutoni: Dakika kidogo tu, mama, nitafika, mimi nakimbiza—

Mukansanga: Usikimbize! Unanisikia? Usikimbize hiyo gari. Ikitaka lisaa, chukua lisaa. Ikitaka usiku, chukua usiku. Nilizaa watatu, nimebakiza wewe.

Umutoni: Sikimbize, mama. Naapa.

Mukansanga: Bon. Wamama wameanza kushuka, wanakuja. Simu ni ya wenyewe, nafunga. Kwaheri. Ah, Umutoni!

Umutoni: Niko, mama.

Mukansanga: Ile costume ya bleu, mwambie Byamungu aiache. Tangu harusi yako alinenepa, haifunge tena mbele. Wamutafutie ingine yenye inamutosha.

Umutoni: Mama... tangu mwanzo ulikuwa unasi—

[simu inakatika]