Saini ya Verna Haugen Stroud, 1947–2023

Verna Haugen Stroud, tunayemzika mchana huu kando ya mumewe, alizaliwa tarehe 3 Machi 1947 katika shamba la ngano la wazazi wetu, Nels na Borghild Haugen, maili nane kaskazini mwa Tolliver, mashariki mwa Oregon. Tulizaliwa wawili tu. Wa pili ni mimi, Glenda, ninayewasomea haya, na niseme mapema kwamba mchungaji ameniomba nisitie siasa. Nimejitahidi. Lakini serikali iliyaingilia maisha ya dada yangu kila upande, na kifo chake pia, kwa hiyo mtanivumilia.

Alisoma shule ya msingi na sekondari hapahapa Tolliver, akamaliza mwaka 1965, kisha akasomea uhazili kwa mwaka mmoja huko Pendleton. Mwandiko wake ulikuwa wa kuonea wivu. Kila Desemba mama alimkalisha mezani aandike kadi zote za Krismasi za familia, na mimi nilipewa kazi ya kulamba stempu. Hilo sijalisahau na wala sijalisamehe.

Kuanzia Septemba 1966 hadi alipostaafu mwaka 2009 alikuwa karani wa ghala la ushirika la nafaka. Lakini wengi wenu mnamjua kwa kazi nyingine. Tangu mwaka 1974 alisimamia meza ya kupigia kura katika chumba kilicho chini ya kanisa hili. Mnamo Novemba 1988 mumewe Orrin alifika mlangoni dakika tatu baada ya kufungwa, matope hadi magotini, kwa sababu ng'ombe wetu mmoja alikuwa amekwama mtaroni. Akasema, "Verna, fungua, ni mimi!" Akajibiwa, "Najua ni wewe. Chakula chako kimo ndani ya oveni. Kura zimefungwa." Orrin aliisimulia habari hiyo kwenye kila harusi hadi alipofariki, na kila mara dakika zilipungua.

Tulipoanza kupiga kura kwa posta, Verna alihamia ofisi ya uchaguzi ya kaunti, mjini Kessler, maili arobaini na nne kutoka hapa. Kila mpiga kura husaini nyuma ya bahasha yake, na kazi ya Verna ilikuwa kulinganisha saini hiyo na ile iliyo kwenye kadi ya kujiandikisha. Zikifanana, kura inahesabiwa. Zisipofanana, mtu anaandikiwa barua. Aliifanya kazi hiyo kila msimu wa uchaguzi kwa miaka kumi na minane na akawafundisha vijana wote waliokuja baada yake. Aliwaambia, "Usisome jina. Ukilijua jina utaanza kuhurumia. Tazama mkono tu." Hakuna aliyewahi kumtuhumu kwa upendeleo, na katika nchi hii ya leo, ambapo majirani wameacha kusalimiana kwa sababu ya mabango ya wagombea uani, hiyo si sifa ndogo.

Alifunga ndoa na Orrin Stroud tarehe 12 Juni 1970. Mungu aliwajalia watoto wawili, Rodney na Colleen. Orrin alikuwa Demokrati, baba yetu alikuwa Ripablikani wa kufa na kuzikwa, na katika chakula cha Jumapili kila mmoja aliamini Verna yuko upande wake. Yeye alipakua viazi tu. Orrin alifariki Februari 2014. Alifia njiani kwenda hospitali ya mbali, kwa sababu yetu ilikuwa imefungwa miaka mitatu kabla, baada ya wanasiasa wa vyama vyote viwili kuja kupiga picha mbele yake na kuapa kwamba haitafungwa.

Tarehe 9 Agosti 2022 Verna alipata kiharusi akiwa bustanini. Tulibakiwa na gari moja la wagonjwa, lililoendeshwa na watu wa kujitolea, na lilimfikia kwa dakika kumi na mbili. Daktari alisema dakika hizo ndizo zilizomwokoa. Alirudi nyumbani Oktoba, akiongea vizuri, akitembea kwa fimbo, mkono wa kulia ukiwa umepooza.

Novemba hiyo tuliulizwa kwenye kura kama tuendelee kulipa kodi ndogo ya kuliendesha gari lilelile. Verna alijaza karatasi yake mezani kwangu. Kwa mara ya kwanza maishani alinionyesha alichochagua, kisha akasaini bahasha kwa mkono wa kushoto, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Akaniambia, "Hii ni ya wale vijana walionibeba." Wiki iliyofuata ikaja barua kwamba saini yake haifanani na ya kwenye kadi. Alitakiwa kuthibitisha kwamba yeye ni yeye kwa kusaini fomu. Akasaini, kwa mkono uleule wa kushoto. Fomu nayo ikakataliwa.

Jumatatu tarehe 28 Novemba, siku moja kabla ya mwisho wa kurekebisha saini, nilimpeleka Kessler. Karani aliyekuwa kaunta ni Lyle Ostrander, ambaye dada yangu alimfundisha kazi. Nilikuwapo, nami nayaandika kama yalivyosemwa.

"Lyle, mwanangu, mimi ni nani?" Verna alimuuliza.

"Wewe ni Mama Verna."

"Basi andika hivyo, kura yangu ihesabiwe."

"Siwezi, mama. Naweza kukupa kadi mpya, isainiwe kwa mkono huu, itumike uchaguzi ujao. Ya safari hii lazima ifanane na kadi ya zamani. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha."

Mimi nikapandwa na hasira. "Mkono umekufa, wewe Lyle! Unataka tuufufue kwanza ndipo uamini?"

"Glenda, nyamaza," dada akasema. "Mtoto anasema kweli. Angeniandikia kwa kuwa ananijua, ningemfukuza kazi."

Akasaini kadi mpya na kumshukuru. Kwenye gari, tulipolipita ghala la ushirika, akaanza kulia. Nilidhani analilia kura yake. Akasema, "Wazee wangapi, Glenda? Miaka kumi na minane. Niliziona saini zinatetemeka, nikasema si wao. Mzee Halvor Lindahl nilimkataa mara mbili, na nilijua ana ugonjwa wa kutetemeka, nilimpelekea supu!" Nikamwambia alifuata kanuni. Akanijibu, "Ndiyo. Hata Lyle." Sijawahi kumwona dada yangu katika hali ile, hata siku ya kumzika Orrin. Alijichukia.

Matokeo yalitoka. Waliosema ndiyo ni mia nne na tisa, waliosema hapana ni mia nne na kumi na wawili. Bahasha zilizokataliwa kwa ajili ya saini zilikuwa kumi na moja. Zile kumi nyingine sijui zilisema nini.

Majira yale ya baridi aliandika barua kwa mkono wa kushoto, moja kwa siku, kwa mbunge, kwa maseneta wawili, kwa gavana. Hakuiombea kura yake. Aliomba sheria imruhusu karani kumtambua mtu aliyesimama mbele yake, na aliomba gari letu lisiondolewe. Ofisi moja ilimshukuru kwa maoni yake kuhusu samaki wa mtoni. Nyingine ilimwita Bwana Stroud. Ya tatu ilimwomba mchango wa kampeni, na imeendelea kumwomba, hata jana. Kulikuwa na mkutano wa simu na mbunge, akaambiwa yeye ni wa nne kwenye foleni, akasikiliza muziki dakika hamsini, kisha simu ikakatika. Nilimwambia, "Dada, achana nao, hawa hawakujui." Akasema, "Ndiyo maana naandika."

Tarehe 30 Juni mwaka huu gari la wagonjwa liliuzwa.

Alhamisi iliyopita, tarehe 17 Agosti 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, tukiwa tunamenya maharage jikoni kwake, uso wake ulilegea upande mmoja. Nilipiga simu. Binti aliyepokea alikuwa mpole. "Mlaze kwa ubavu, mama. Gari linatoka kaunti ya jirani. Dakika sabini."

"Sabini? Nina gari langu hapa nje, nampeleka mwenyewe!"

"Tafadhali usimwinue, mama. Utaratibu ni kumsubiri mhudumu. Usimwinue."

Nikatii. Nimelelewa katika nyumba ileile aliyolelewa Verna, na sisi watu wa nyumba ile tukiambiwa utaratibu, tunatii. Nilikaa sakafuni nimeshika mkono wake wa kushoto. Aliniuliza mara mbili, "Wameshatoka?" Nikamwambia wameshatoka, wako njiani. Mara ya tatu hakuuliza. Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Gari lilifika saa tano na dakika thelathini na nane, na vijana waliokuja nalo walivua kofia. Daktari amesema huenda hata wangefika mapema asingepona. Huenda. Hilo neno nitalala nalo siku zilizobaki, na sitaki mtu anifariji.

Kesho yake Lyle Ostrander alikuja barazani kwangu akaomba kubeba jeneza. Nilimwambia hapana, tena kwa maneno ambayo mchungaji hangeyapenda. Kisha Colleen akahesabu wanaume wa familia wenye migongo mizima, akapata watano. Jeneza lina mishikio sita. Kwa hiyo yule mwenye suti ya kijivu, pale nyuma ya Rodney, ndiye wa sita. Msimtazame kwa jicho baya. Nimeshamtazama mimi kwa niaba yenu, na hakuna nilichopata.

Marehemu ameacha mwanawe Rodney na mkwewe Patrice, wa Spokane; bintiye Colleen, wa hapa Tolliver; wajukuu Bryce, Hannah na Tobin; kitukuu Ivy, mwenye miezi minne; na mimi mdogo wake. Ameacha pia watu elfu moja na mia tatu wa bonde hili, na karibu nusu yetu tumo humu kanisani, na wengi tuna umri wake. Ngazi za nje zimelowa. Tukitoka tushikane mikono, tushuke polepole, mtu asianguke leo.

Pumzika, dada. Huna tena wa kumsubiri.