Blanketi la Fundi Friji

Jana asubuhi, kwenye benchi hili hili lenye tofali badala ya mguu wa nne, kaka mkubwa wa Fundi Friji aliinua kikombe cha kahawa, akakirudisha chini polepole kama mtu aliyekumbuka jambo, akaanguka. Moyo ulisimama. Hospitalini wakauamsha, yeye mwenyewe hakuamka. Leo Fundi Friji amekuja na blanketi zito begani, hanywi wala hakai, anangoja saa ya kuona wagonjwa. Jana jioni alimkuta kaka yake amebandikwa kifuani na mapajani vipande vya plastiki laini vyenye mirija, ndani yake maji baridi yanazunguka. Mtu aliyemlea kama baba anapoozwa kama samaki, na watu wanatazama.

— Baridi huingilia unyayoni, — alisema Redio, ambaye hajawahi kuishiwa habari. — Ikifika magotini, damu inaganda. Ndiyo maana wahenga wakasema mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Fundi Viatu akabisha: baridi huingilia masikioni, na anamjua mtu aliyelala dirisha wazi akaamka anatembea kinyumenyume. Redio naye akapandisha dau, kwamba mashine ile inanyonya joto la wagonjwa ili kuchemshia madaktari chai. Muuza kahawa akaacha kumimina.

— Haba na haba hujaza kibaba, — Fundi Viatu akakubali.

— Kaka yangu leo anafunikwa, — alisema Fundi Friji. — Wa kunizuia mlangoni ajiandae.

Hapo akatokea binti wa kaka yake. Alikuwa ameshuka basi la mbali alfajiri na kupitia hospitali kwanza. Akalitazama lile blanketi.

— Baba mdogo, friji inatengenezaje baridi?

Jibu hilo Fundi amewapa wateja miaka kumi na tisa, tena kwa dharau kidogo.

— Haitengenezi baridi. Inatoa joto.

— Basi ndicho wanachofanya. Maji yanapita juu ya ngozi, yanabeba joto, yanakwenda kulimwaga, ubongo upumzike. Ila mwili wake mbishi kama ukoo wetu, unatetemeka ili ujipashe. Nesi anataka soksi nene: nyayo zikipata joto, mtetemo unapungua. Mama leo hakumbuki kitu. Baba anavaa namba ngapi?

Benchi zima linajua timu yake na vijiko vyake vya sukari, si namba ya mguu. Fundi Viatu, aliyemshonea ndala mara mbili, akaangalia mawingu.

Fundi Friji akashusha blanketi, akapiga magoti, akazivuta ndala kutoka chini ya benchi, pale zilipomvuka jana. Akaingiza mguu. Sawasawa na wake. Akaanza kuvua soksi.

— Zako hapana, baba mdogo. Nataka apone.

Wakaondoka kwenda kununua mpya. Blanketi likabaki na Redio. Ndala Fundi alizibana kwapani: ataziweka chini ya kitanda, upande ambao kaka yake atashukia.