Taya la Angelina na Ripoti ya Mwelekeo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyesafiri kutoka Dodoma kwa ajili ya ripoti. Ndugu Mganga Mfawidhi wa hospitali yetu. Dakta Jaydeep, bingwa wetu wa upasuaji na mwandishi mkuu wa ripoti hiyo. Ndugu wajumbe wa Kamati ya Mwelekeo wa Tafiti. Viongozi wetu wa dini. Wauguzi wenzangu mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimeishia kwa wajumbe. Nanyi wagonjwa mnaochungulia madirishani: wazee shikamooni, wengine habari za asubuhi. Niliyemruka anisamehe. Mshereheshaji wetu Nasibu amenipa dakika tatu, na moja imeshaliwa na vyeo.

Mimi ni Prisca Mbena, muuguzi wa chumba cha upasuaji kwa miaka thelathini na minne, na leo ninaagwa. Nalisema kwa kinywa changu kwa sababu ukisoma lile bango huwezi kujua. Herufi kubwa zinasema: Uzinduzi wa Ripoti ya Mwelekeo wa Tafiti za Urefushaji wa Mifupa ya Uso na Fuvu Duniani. Chini kabisa, jirani na namba ya simu ya mkodisha turubai, wameandika: pia kumuaga Sista P. Mbena. Nimeambiwa sherehe zimeunganishwa ili kubana matumizi. Sina kinyongo. Hata kwetu Mgeta watu huunganisha kipaimara na harusi, ila bibi harusi angalau huwekwa mbele.

Ripoti nimeisoma. Mnacheka nini? Nimeisoma kurasa zote mia mbili na kumi, jambo ambalo sina hakika kama kila mjumbe amelifanya. Ni kazi kubwa, tusiwe wachoyo wa sifa. Kamati imehesabu makala zaidi ya elfu mbili zilizoandikwa duniani kwa miaka thelathini. Imetuonyesha nchi ipi imeandika zaidi, nani kamnukuu nani, na neno lipi limetumika mara nyingi kuliko mengine. Upo na mchoro wenye mstari unaopanda kuliko barabara ya Mgeta. Nikajiuliza, katika makala zote hizo, sisi wa Morogoro tumechangia ngapi? Tumechangia moja, nayo ni hii ya kuhesabu za wenzetu.

Kwa wageni wasioijua kazi yenyewe, ni hivi. Mtoto huzaliwa na taya fupi, na akilala ulimi unarudi nyuma na kuziba njia ya hewa. Daktari anaukata mfupa wa taya, anafunga kifaa chenye skurubu, tunasubiri siku chache, kisha skurubu inazungushwa kwa ufunguo mdogo: nusu milimita asubuhi, nusu milimita jioni. Mfupa unavutwa polepole, na mwili wenyewe unajaza pengo. Ukienda mbio, pengo halijai. Ukizembea, mfupa unashikana kabla taya halijafika. Hiyo milimita moja kwa siku haikudondoka kutoka mbinguni. Waliitafuta watafiti, na mimi nawavulia kofia. Kwa hiyo mtu asitoke hapa akasema Sista Prisca anapinga utafiti.

Ninachokipinga, ushahidi wake umekaa mstari wa tatu. Mtoto yule anaitwa Angelina, ana miaka saba, yuko na mama yake Yuliana na mjomba wake Petro. Akilala anakoroma kama mtu mzima, halafu ananyamaza, na mama yake anakaa kumhesabia pumzi. Upasuaji wake umeahirishwa mara nne. Mara ya kwanza kulikuwa na mafunzo ya kuhesabu makala. Mara ya pili, semina ya kuhakiki hesabu. Mara ya tatu, naapa sitanii, kikao cha kuchagua rangi ya jalada. Na mara ya nne ni leo. Ubao wetu ulisema: Jumanne, saa mbili asubuhi, Angelina. Jana jioni nikakuta jina lake limebandikwa kikaratasi, kimeandikwa Uzinduzi.

Sasa fungueni ukurasa wa mia moja arobaini na tatu, panapoelezwa wagonjwa wetu wenyewe, ambao ni kumi na wawili. Mgonjwa namba saba: wazazi hawakuzingatia maelekezo, mgonjwa alipotea. Na pendekezo: ufanyike utafiti wa miaka mitatu kujua kwa nini wazazi wa milimani huacha kuzungusha skurubu.

Jamani! Miaka mitatu? Mimi nilijua kwa siku moja, tena kwa miguu.

Namba saba ni Wilfred, mtoto wa dada mkubwa wa Yuliana. Hayo mataya yamo katika ukoo wao. Miaka kumi na moja iliyopita tulimpasua, tukampa baba yake ufunguo, wakaenda zao. Siku ya kliniki ikafika, hawakuja. Nikapanda lori la mboga, nikamalizia kwa njia ya mguu, nikamkuta baba mtu kashika tama na ufunguo umetundikwa ukutani, siku mbili haujaguswa. Nikamuuliza, "Kulikoni, baba?" Akasema, "Sista, nimekatazwa. Nenda kwa shemeji."

Nikaenda kwa huyu huyu Petro, mjomba wa mtoto. Akanipa kigoda, akanipa maji ya kunywa, kisha akaniuliza taratibu, "Sista, mmekata mfupa wa mtoto wa ukoo wetu. Nani alikuja kuniomba?"

Ndugu zangu, nilitamani ardhi ipasuke. Mimi ni Mluguru wa kuzaliwa! Uluguruni mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Lakini fomu ilisema saini ya baba, nami kwa usomi wangu nikaifuata fomu. Kosa lilikuwa langu. Nikapiga magoti nikaomba radhi. Petro akasema, "Lete huo ufunguo, nitazungusha mwenyewe." Akazungusha asubuhi kabla ya shamba na jioni baada ya shamba, siku kumi na nane, hakuruka hata moja. Ripoti inatuambia mwelekeo mpya duniani ni vifaa vinavyojizungusha kwa mota. Vizuri sana. Sisi tulikuwa na Petro, hakuhitaji betri, alihitaji kuombwa tu.

Na huyo Wilfred aliyepotea ndiye anayetuletea kabichi jikoni kila wiki. Kachumbari iliyo mbele yenu imeletwa na yeye. Wilfred, simama baba, geuka wakuone taya. Haya, Kamati, amepotea wapi?

Dakta Jaydeep, mwanangu, nakusema hadharani kwa sababu ofisini kwako siku hizi nazungumza na mgongo wa kompyuta. Nilikupokea ukiwa daktari wa mafunzo, mtoto wa Mzee Ketan wa duka la vitambaa. Siku ulipokata taya la Wilfred ulikwenda mstari mmoja ulionyooka, nikasema huyu karithi mkasi wa baba yake. Nilijivunia kama nimekuzaa. Miezi tisa sasa hujashika msumeno. Umekaa unahesabu waliokata. Inaniuma, na sikutaka kwenda nyumbani nimeimeza.

Nasibu, acha kunionyesha saa, naiona. Ni saa nne na nusu. Kisheria mimi ni mtumishi wa hospitali hii mpaka saa tisa na nusu alasiri. Angelina hajala tangu jana, na maji ya mwisho amekunywa saa mbili asubuhi hii. Mimi ndiye niliyemzuia mama yake asimpe chakula, kwa hiyo lawama ni zangu. Damu imeshaandaliwa. Chumba namba mbili ni safi na vifaa vimetakaswa. Hafidha wetu wa dawa za usingizi yuko meza ile pale, na mtaona soda yake haijafunguliwa. Fomu nimeiongezea mstari kwa kalamu, saini ya mjomba, na Petro ameshasaini. Ndugu Mganga Mfawidhi, ukitaka kuniandikia barua ya onyo fanya hima, umebakiwa na saa tano.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ripoti hiyo ni karatasi, ukiizindua hata kesho haichachi. Mtoto ana njaa. Nawashukuru kwa saa ya ukutani mliyonizawadia, nawashukuru kwa miaka thelathini na minne, na kwa masikio yenu mliyonipa asubuhi hii, asanteni sana.

Dakta, weka chini hicho kisu cha keki, ukanawe mikono.