Karani Aliyelipeleka Dirisha Kiembe Samaki

Jumamosi hii, tarehe 30 Novemba 1957, Bwana Makungu Ame anastaafu baada ya miaka ishirini na saba katika Ofisi ya Vizazi na Vifo hapa Mjini. Aliingia akiwa tarishi, akapanda kuwa mnakili, na tangu vita vilipokwisha amekuwa karani wa dirisha la vyeti vya vifo. Sisi tuliokaa naye chumba kimoja sasa tutaonja tena kitu tulichokwishakisahau, nacho ni ukimya.

Maana Bwana Makungu ni mtu wa kuuliza. Mtu akija kutafuta cheti cha babu yake, sisi wengine humuuliza jina na mwaka. Yeye atataka kujua pia babu huyo alifanya kazi gani, alizikwa wapi, na kwa nini anatafutwa leo. Foleni inafika barabarani, chai inapoa, naye ameegemea dirisha anasikiliza. Mwandishi wa maneno haya amemkasirikia kwa ajili hiyo si mara moja. Lakini watu wa shamba wengi hujulikana kwa lakabu kuliko kwa majina yao, na vyeti vingi tulivyosema havipo vilipatikana kwa maswali hayo hayo.

Swali lake kubwa aliliuliza mwaka 1951. Wakati huo tulikuwa na mazoea yetu: cheti cha kifo hupewa mwanamume wa familia, nakala moja, basi. Bi Kazija wa Kiembe Samaki alikuwa amefiwa na mumewe, Usi, naye yumo edani, hatoki nyumbani. Shemeji yake, Hamad, alikwishachukua cheti na alikuwa akitafuta mnunuzi wa nyumba ya marehemu, ile ile anayokaa mjane. Bi Kazija akamtuma jirani yake mwanamke aombe nakala nyengine, apate kuyazuia mauzo kwa kadhi. Tukamrudisha. Bwana Makungu akauliza, "Imeandikwa wapi hiyo?" Tukapekua kila waraka ofisini. Haikuandikwa popote. Sheria ilisema anayeomba apewe, mradi aombe mwenyewe na atie saini au dole.

Basi akapanda baiskeli mpaka Kiembe Samaki. Akaketi barazani, Bi Kazija akakaa ndani nyuma ya pazia pamoja na yule jirani aliyekuwa shahidi. Karatasi na kidau cha wino vikapitishwa chini ya pazia. Badala ya karatasi kurudi, ikatoka sauti:

"Bwana karani, mie nimo edani, hata hina sitii. Wino huu nao si pambo?"

Mwengine angesema tia dole bibi, tuondoke. Bwana Makungu alitamani mno kulijua jibu. Akapanda tena baiskeli mpaka kwa imamu wa mtaa, akauliza, akarudi na habari kwamba wino wa serikali haumpambi mtu. Dole likatiwa. Cheti kilitoka siku hiyo hiyo, kadhi akasimamisha mauzo, mirathi ikagawiwa, na Bi Kazija anakaa nyumba ile mpaka leo. Tangu hapo dirisha letu halimuulizi mtu kama ni mwanamume.

Eda ilipokwisha, mwanamke mmoja aliyevaa buibui alisimama mbele ya dirisha. Hakuomba kitu. Aliweka ukingoni mikono miwili iliyopakwa hina mpya hadi kwenye vifundo, akamtazama karani ambaye hadi siku hiyo alimjua kwa sauti tu. Bwana Makungu akatabasamu, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue, hakuuliza swali.

Kwako Bwana Makungu, na kwa mkeo Bi Mwamvua aliyeyavumilia maswali hayo nyumbani, ahsanteni sana. Tunakuombea afya, usingizi mtamu wa mchana na majirani wenye majibu. Jina lako lichelewe, lichelewe sana kufika kwenye dirisha letu. Na siku likifika, yeyote atakayeliomba atapewa.